Madoa Hutoka, Mashimo Hayatoki

Nimeiacha kazi hii mwezi uliopita, baada tu ya Idi, na tayari ninyi niliowafunza mmeanza kuniharibia jina. Juzi nilipita uani kwa jirani nikamkuta mmoja wenu anamsugua mwali mashavu kwa chumvi ya mawe, kakaza meno kama anayeparua masizi. Wanangu, uso si sufuria. Nilitaka kusema pale pale, lakini mwanamke aliyekwisha kuweka chini jiwe lake la kusagia dawa akisema huambiwa ana wivu. Basi nimerudi nyumbani, nimechonga kalamu ya mwanzi, na nitasema hapa ambapo hakuna wa kunikatiza.

Mimi ni Hawa binti Sefu, wa Kilwa Kivinje. Kazi yangu ilikuwa kusinga watu, kuwasugua mwili kwa manukato, na kutengeneza nyuso: maharusi, wazazi waliotoka arobaini, na wasichana wenye chunusi, ambao ndio wengi na ndio wagumu. Sitawaeleza nani alinitunza nini wala harusi za wakubwa gani niliingia. Waliojisifu kwa hayo nimewazika pamoja na sifa zao. Nitawaeleza nilivyoanza, vyombo nilivyoshika, na uso mmoja ambao nusura ninyongwe kwa ajili yake.

Aliyenifunza ni Bi Mwanaidi, mama mfupi, mnene, mwenye mdomo mkali kuliko kisu cha kupasulia papa. Siku ya kwanza alinipa kipande cha mti wa liwa akaniambia nikisage kwenye jiwe kwa maji kidogo kidogo, mpaka utoke uji mzito. Uani kwake mawe yalikuwa mawili, nami nikachukua lililo karibu. Liwa ikatoka laini, inanukia, nikampaka mke wa mshona kofia tangu paji la uso hadi kidevuni. Hakumaliza bismillahi. Jiwe lile lilikuwa la pilipili. Yule mama alikimbia akaingiza kichwa kizima kwenye mtungi wa maji, na mtungi ukakataa kumwachia, ikabidi uvunjwe. Bi Mwanaidi alivitazama vigae, akautazama uso wa mteja wake uliovimba, kisha akaniambia, "Chunusi hutibiwa, mwanangu. Wewe umezitimua."

Tangu siku hiyo jiwe langu lina alama ya hina chini, na hakuna mtu aliyewahi kulisagia hata kitunguu. Nanyi tieni alama. Mengine niliyoyashika ni machache: bakuli la udongo, unyoya wa kuku wa kupakia, kitambaa cha bafta kilichochakaa, manjano, unga wa dalia kidogo, na chupa ya maji ya waridi. Kioo sikubeba. Bi Mwanaidi alikikataza, akisema mwenye chunusi akipewa kioo hazitazami tena, anaziminya, na kila anayoiminya humwachia kumbukumbu ya maisha. Dawa mpya tulijaribu kwanza nyuma ya sikio tukangoja siku mbili. Sikio likiharibika, mtandio utalificha.

Jambo kubwa alilonifunza halikuwa dawa, lilikuwa kuangalia. Mtu anapokuja, mpelekeni mlangoni asubuhi, akae ubavu, jua limpige shavu kwa pembeni. Mwanga wa mbele ni mnafiki, huficha kila kitu. Kisha fumbeni macho mpitishe kidole. Usipohisi chochote, hilo ni doa tu, weusi ulioachwa na chunusi, na liwa na subira vitauondoa. Kidole kikipanda, hilo ni kovu lililotuna, msiliguse kabisa, maana kadiri mnavyolichokoza ndivyo linavyokua. Kidole kikizama, hilo ni shimo. "Madoa hutoka, mashimo hayatoki," Bi Mwanaidi alikuwa akisema. "Doa ni la liwa. Shimo ni la Mungu. Mwambie mtu hivyo kabla hujalowanisha jiwe, siyo baada."

Nilimsikiliza alipokuwa hai. Alipokufa, Mungu amrehemu, niligundua kwamba nusu ya kwanza ya msemo ule huleta wateja na nusu ya pili huwafukuza. Basi nikawa naisema ya kwanza kwa sauti, na ya pili naimeza pamoja na mate.

Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwa Bi Rukia. Alikuwa mjane, anakaa upande wa pili wa mji, na binti yake mmoja, Salima, alikuwa ameposwa na kijana wa Mchinga. Kijana yule alilelewa na shangazi yake, Bi Zena, na huyo shangazi ndiye aliyekuwa baraza, kadhi na askari wa nyumba ile. Alituma salamu mara baada ya posa: mahari haina neno, ila kabla ya nikaha atakuja Kivinje mwenyewe, amwone mwali kwa macho yake, maana amesikia uso una mambo. Bi Rukia alipopokea salamu hizo alilia siku mbili, kisha akaniita mimi.

Nilimpeleka Salima mlangoni, nikamkalisha ubavu. Msichana mzuri, mrefu, macho makubwa yasiyokutazama. Kwa miaka miwili alikuwa hajatoka nje ila kajifunika kanga mpaka chini ya macho, na hata ndani ya nyumba mkono wake haukutoka shavuni. Nilifumba macho nikapitisha kidole. Madoa yalikuwepo, sawa. Lakini kidole kilizama, kikazama, kikazama. Kulikuwa na mashimo kama ubao wa kuchezea bao.

"Yatatoka?" aliniuliza Bi Rukia.

Pale ndipo nilipotakiwa kusema nusu ya pili. Nikasema, "Miezi mitatu tu, Bi Rukia. Utamkuta kama yai lililomenywa."

Uongo wangu haukuwa na haja, kwa maana liwa halikuwa shauri pekee, mashauri yalikuwa matatu. Siku ile ile Bi Hadija aliyekuwa akituchotea maji aliingia na mtungi wake. Alikuwa Mmwera wa bara, mtu mzima, nembo za kuchanjwa zimempanda usoni safu kwa safu, na kipande cha ndonya kimetobolewa kwenye mdomo wa juu. Alimtazama Salima, akatua mtungi.

"Mnahangaika nini?" akasema. "Kwetu kovu halifichwi. Linaongezwa wenzake, likawa pambo. Nipeni muda mpaka mavuno nimlete fundi wetu, amchanje nembo hapa na hapa. Mashimo hamtayaona, mtaona kazi ya mikono."

Bi Rukia aliomba apewe maji ya kunywa. Mimi nilicheka, na sasa najuta, kwa sababu kati yetu sote Bi Hadija peke yake ndiye aliyesema jambo ambalo lingefanya kazi.

Shauri la tatu lilitoka kwa daktari wa Kidachi, yaani Mjerumani, aliyekuwa akipita mjini kuchanja watu ndui. Bi Rukia alituma kuuliza. Jibu lilikuja kwamba kwao Ulaya iko dawa inayounguza ngozi ya juu, ikabanduka, ikaota nyingine. Kwa watu wa kwao huwafaa baadhi. Kwa ngozi nyeusi yeye hajui. Huenda likabaki baka jeupe, huenda likabaki jeusi zaidi, na binti yake mwenyewe asingemfanyia. Nilimdharau yule daktari kwa jibu lile. Niliona ni mganga gani huyu asiyejisifia dawa yake. Ilinichukua muda kufahamu kwamba Mdachi yule alikuwa mwanafunzi mzuri wa Bi Mwanaidi bila kuonana naye.

Basi tulikaa, mimi na Bi Rukia na jamaa wawili wa kike, tukajadili kutwa. Nembo, hapana, watu wa Mchinga watasema tumewaoza mtu wa bara. Kuunguzwa, hapana, bado. Liwa, ndiyo. Tulijadili uso ule kama watu wanaochagua kitambaa dukani. Mwenye uso alikuwa nyuma ya pazia, hatua nne kutoka tulipokaa, na hakuna kati yetu aliyefungua mdomo kumwuliza.

Miezi mitatu ikapita, wa nne ukaingia. Madoa yakaanza kufifia, na hapo ndipo mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu weusi ulipoondoka mashimo yakajitokeza waziwazi. Nikaongeza manjano. Nikabadilisha maji. Nikasema ni joto, nikasema ni samaki anaokula, nikasema ni kijicho. Nimewahi kulaumu hata mbuzi wa jirani. Salima aliniangalia tu, na ile namna yake ya kuniangalia ilinikera kwa sababu ilionyesha anajua.

Wakati huo ndipo vita vilipozuka. Kule milimani Umatumbi watu walikuwa wamechoka kulima pamba ya Mdachi, wakaing'oa, na moto ukasambaa. Nanyi mnajua ilivyokuwa: kulikuwa na maji ya dawa kutoka kwa mganga, ukinywa na kupakwa, risasi ya Mdachi inageuka maji isikupenye. Watu wengi waliamini. Wengi walikufa wakiamini. Huku mjini Kivinje boma likaingiwa na kichaa cha maji. Kila chupa ikawa kesi, kila kibuyu kikanuswa. Mzee mmoja alizuiwa mlangoni mwa msikiti na birika lake la kutawadhia, akaambiwa kama si dawa alinywe lote mbele yao. Akalinywa. Akarudi nyumbani kuchota jingine, na Alasiri ya jamaa ikampita.

Mimi, kwa akili zangu nyingi, nilichagua juma hilo hilo kumpelekea Salima chupa mpya ya maji ya waridi.

Sikuweza kwenda mwenyewe, mguu ulikuwa umenivimba. Nikaandika kijibarua nikakifunga shingoni mwa chupa. Nilitaka kumchekesha binti, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeanza kuona aibu. Nilikusudia kuandika hivi: "Apake maji haya usoni asubuhi na jioni. Akishayapaka, neno la adui halimpenyi." Adui ni yule shangazi wa Mchinga, na neno ni atakalolisema siku ya kuja kukagua. Lakini wino ulinikaukia nilipofika hapo. Nikachovya kalamu upya, na niliporudi kwenye karatasi nikaendelea na linalofuata. Neno moja tu nililisahau, na lenyewe ni neno "neno".

Chupa alibeba Bi Hadija. Kwenye kona ya sokoni askari wawili wakamsimamisha. Wakamwuliza ni nini hicho, naye mtu mkweli akajibu, "Maji ya dawa. Nimetumwa na Bi Hawa." Hata kama angetafuta kutwa nzima, asingepata maneno mabaya kuliko hayo.

Walinijia kabla sijaosha jiwe. Nilipelekwa bomani na mguu wangu mmoja mzima. Nitasema kweli, niliogopa. Juma lile lile walikuwa wamekwisha kunyonga watu, na wengine hawakuwa wameulizwa maswali mengi kuliko niliyokuwa naelekea kuulizwa. Bi Hadija alikuwa ameketi sakafuni kafungwa mikono, na aliponiona akasema, "Shikamoo, Bi Hawa," kwa adabu zake zote. Nikaitikia marahaba.

Bwana mkubwa wa boma alikuwa nyuma ya meza. Kiswahili alikijua, ila alikitembea kama mtu mwenye viatu vipya. Pembeni alikuwa karani, mtu wetu wa pwani, aliyesoma kijibarua changu kwa sauti: "Apake maji haya usoni asubuhi na jioni. Akishayapaka, la adui halimpenyi."

Hapo ndipo nilipolisikia lile pengo. Kwa masikio ya boma, kisichopenya ni risasi tu.

"Adui ni nani?" akauliza bwana mkubwa.

"Ni shangazi, bwana."

"Shangazi wapi?"

"Wa Mchinga."

Akaandika. Kisha akamgeukia karani. "Huyu Shangazi ana watu wangapi?"

Karani akakohoa. "Shangazi ni dada wa baba, bwana. Ni mwanamke."

"Mwanamke anaongoza watu Mchinga?"

"Nyumbani kwake, bwana," nikasema, "anawaongoza sana."

Askari mmoja akacheka, akanyamaza haraka. Bwana mkubwa hakucheka. Akainua chupa, akaifungua, akainusa, akanitazama. "Maji haya yanafanya nini?"

Wanangu, nataka muelewe nilivyobanwa. Nikisema yanafanya kazi, mimi ni mganga wa maji, na kamba iko nje. Nikisema hayafanyi kazi, karani anasikia, askari wanasikia, na kabla ya Magharibi Kivinje nzima itajua kwamba Hawa binti Sefu amekuwa akiwapaka watu marashi na matumaini. Mtaniona mpumbavu, lakini nilisita. Nilipima shingo na jina, na kwa muda wa pumzi mbili sikuona kipi kizito.

"Hayafanyi kitu, bwana," nikasema mwishowe. "Ni maji ya waridi. Ni ya uso. Msichana ana mashimo ya chunusi. Madoa hutoka. Mashimo hayatoki. Haya maji hayazuii kitu, hayatibu kitu, yananukia tu."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema nusu ya pili tangu Bi Mwanaidi afe, na sikusadikiwa. Bwana mkubwa aliweka chupa mezani. "Mimi nimeuliza waganga wengi," akasema. "Wote wanasema dawa yao kali. Hakuna mganga anasema dawa yake bure. Wewe unaficha."

Kwa hiyo ukweli niliokuwa nimeuficha kutwa kucha, nilipoutoa, ulionekana ndio uongo. Ningecheka kama ingekuwa shingo ya mwingine.

Nje kukawa na zogo. Sauti ya Bi Rukia ilikuwa inalia, "Salima! Salima, rudi! Utaniua mama yako!" na askari wa mlangoni anasema haruhusiwi mtu. Habari za kukamatwa kwangu zilikuwa zimefika upande wa pili wa mji kabla mimi sijafika bomani. Salima akaingia, kajifunika kanga mpaka chini ya macho, anahema. Mlikuwa na wanaume tisa au kumi mle ndani: Mdachi, karani, askari, na wafungwa wanaongoja zamu yao.

"Maji hayo ni yangu," akasema.

"Wewe nani?"

Hakujibu jina. Akaishika kanga kwa mikono miwili akaivuta chini, mpaka mabegani. Wala hakuinamisha kichwa.

"Miezi minne ananipaka," akasema. "Asubuhi na jioni. Tazameni wenyewe kama yanazuia chochote."

Nilimwona karani akitazama chini kwa heshima, na askari wale waliokuwa wakinusa vibuyu wakageuza nyuso. Bwana mkubwa alisimama, akaja mbele, akamwonyesha kwa mkono ageuke kuelekea dirishani, mwanga umpige pembeni. Nilimchukia kwa mengi mtu yule, lakini kuangalia alijua. Aliangalia shavu la kulia. Akaangalia la kushoto. Akaangalia chupa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na alicheka Mdachi yule mpaka ikabidi ashike meza.

"Kweli," akasema, akifuta macho. "Bure kabisa."

Hivyo ndivyo nilivyonusurika. Waganga wengine huokolewa na dawa zao kufanya kazi. Chupa ilimwagwa kwenye sakafu ya boma, na kwa siku nyingi askari wa Mdachi walinukia waridi kila walipopita mtaani, wakasingiziwa mambo. Bi Hadija alifunguliwa, akaokota mtungi wake, akanung'unika kwamba angepewa nafasi ya kuleta fundi wa nembo haya yote yasingetokea.

Nyumbani kwa Bi Rukia kulikuwa matanga bila maiti. "Umemwonyesha uso Mdachi!" alimlilia binti yake. "Askari, karani, wafungwa! Sasa nani ataficha nini? Bi Zena akifika tumwambie nini?" Kisha akanigeukia mimi, mashauri yakaanza upya. Labda daktari, aunguze haraka. Labda hata nembo, kama ndiyo hali yenyewe. Nikaona tumeshaanza tena kuchagua kitambaa.

"Bi Rukia," nikasema, "nilikudanganya. Liwa yangu imefanya yote itakayofanya. Yaliyobaki hayatoki kwangu, na kwa daktari huenda yakazidi, na nembo ni nzuri kwa anayeitaka. Mimi ningemwuliza mwenye uso."

Salima alikuwa ameketi mlangoni, kanga iko mabegani. Mkono haukuwa shavuni. Sijui alikuwa ameusahau lini.

"Yaacheni," akasema. "Nimeyaonyesha mbele ya bunduki. Nikamwogope shangazi?"

Nilikusanya vyombo vyangu nikaenda nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii niliondoka kwa mteja bila kumwacha na ahadi, na nililala vizuri.

Mwezi uliofuata njia ya Mchinga ikafunguka kidogo, na Bi Zena akaja. Bi Rukia alinisihi niwepo, nami nikaenda. Nilitarajia jimama la sauti kubwa. Akaingia mwanamke mwembamba, vumbi mpaka magotini, macho mekundu kwa kutolala. Salima alikuwa ameketishwa pale pale mlangoni kwenye mwanga wa ubavu, uso wazi, kama alivyotaka mwenyewe. Akatoa shikamoo. Bi Zena akaitikia marahaba, akautazama uso ule, muda mfupi tu, kama mtu anayetazama kama mlango umefungwa. Bi Rukia alishika kifua. Mimi nilikuwa tayari na majibu matano.

"Ni wewe uliyekwenda bomani," Bi Zena akasema. Halikuwa swali. Kisha akageuka kwangu. "Na wewe ndiye Bi Hawa wa maji."

"Ndiye mimi."

Akaketi, akasogea mpaka magoti yetu yakagusana, akashusha sauti. "Yamebaki?"

"Nini, dada?"

"Maji. Yale ya waridi. Mtoto wangu ameondoka. Huyu mchumba wake. Amekwenda na wenzake bara, ni mwezi sasa. Amepakwa yale yao, lakini tunasikia wanakufa, dada, wanakufa na maji yao mwilini. Yako yalifika mbele ya Mdachi, na wewe ukatoka mzima. Mchinga nzima wanajua. Nipe hata kidogo. Yuko mtu atakayemfikishia."

Sikumtazama Bi Rukia. Sikumtazama Salima. Chupa ilikuwa mkobani mwangu, nusu yake, na mkono wangu ulikuwa juu yake. Ilikuwa rahisi kuliko uongo wote niliowahi kusema. Angeshukuru. Angelala usiku ule, labda na usiku mwingine. Nimewaahidi wanawake wa Kivinje mayai yaliyomenywa na sikukosa usingizi. Huyu alikuwa ananiomba niseme tu, ndiyo.

"Dada," nikasema, "hayazuii kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Yananukia tu."

Alinisadiki. Nilikuwa nimezoea kusadikiwa ninapodanganya, na sikujua kwamba kusadikiwa ukisema kweli kunaweza kuuma namna ile. Akakaa pale, mikono mapajani. Wala hakuna kati yetu watu wazima aliyekuwa na la kumfanyia.

Mtaniuliza kijana alirudi au hakurudi. Hakurudi. Lakini siku ile hatukuwa tunajua bado. Siku ile Salima aliinuka kutoka mlangoni, akaja akaketi chini kando ya Bi Zena, akamkumbatia. Bi Zena akamwegemea, akalia, shavu lake juu ya shavu lile lile alilokuja kulikagua.